Sura ya Sita: Khidma Katika Nyanda Kame

Mji wa Dodoma, ambao kwa muda mrefu ulijulikana kwa stesheni yake ya reli, zabibu zake na hospitali yake ya Mirembe kuliko kwa elimu ya juu, ulijaaliwa mwaka 2007 kupata vyuo vikuu viwili kwa mpigo: Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzia katika ukumbi wa Chimwaga ambamo Chama cha Mapinduzi kilizoea kufanya mikutano yake mikuu, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichorithi majengo ya shule ya sekondari ya Mazengo, iliyobeba jina la mtemi mashuhuri wa Wagogo. Kabla ya hivyo palikuwapo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichoundwa kwa madhumuni ambayo jina lake lenyewe layatangaza. Na tangu Serikali ilipoazimia kwa dhati, mwaka 2016, kuhamia katika makao makuu yaliyokwisha kutajwa tangu 1973, wizara na ofisi na mashirika yamefuatana kuja hapa kama wageni waliochelewa karamuni. Kwa hiyo kijana anayemaliza shahada yake Dodoma hii leo amezungukwa na watu ambao, kwa kauli zao na kwa mabango yao ya barabarani, kazi yao ni kuihudumia jamii. Na ajabu ni kwamba, akiwa katikati ya wingi huo, huona taabu kujua ni mlango upi aubishe.

Sura hii ni ya kijana huyo. Yule ambaye muradi wake ni mshahara tu hana haja ya mashauri yangu, na njia yake inajulikana: ataandika maombi yake kwa Sekretarieti ya Ajira, atafanya usaili wa maandishi pamoja na umati, na atangoja. Wala simtukuzi yule asemaye kwamba mshahara haumhusu kabisa, kwa kuwa aghalabu hasemi kweli, au nyumbani kwao yuko mtu mwingine anayelipa. Nasema na yule aliye katikati, anayetaka riziki ya halali na anayetaka pia, jua likichwa, aweze kutaja mtu au jambo lililofaidika kwa kuwapo kwake.

Suala la msomi na khidma halikuzaliwa jana. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya kuwataka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambalo tangu kuasisiwa kwake tarehe 10 Julai 1963 lilikuwa la hiari, walitumikie kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wafanye kazi za taaluma zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba ya mwaka ule wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa na joho zao na mabango yao, na katika risala yao wakaeleza, kwa muhtasari, kwamba hata wakilazimishwa, miili yao ndiyo itakayokwenda na nafsi zao zitabaki nje. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akatangaza kwamba mshahara wake mwenyewe anaupunguza kwa asilimia 20, na wao, wapatao 400, wafungashe warudi kwao. Wengi wakakubaliwa kurejea mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha kuwa limekwisha kusomwa.

Hikaya hii husimuliwa kama ushahidi wa ubinafsi wa wasomi, na ubinafsi ulikuwapo, tena wa waziwazi, kwa vijana waliosomeshwa kwa kodi ya wakulima ambao hawajapata kuona umeme. Walakini mimi naona kwamba ndani ya kiburi kile palikuwa na neno moja la kweli, ambalo hasira ya siku ile haikuacha lisikike: ya kwamba khidma ifanywayo na mwili pasipo moyo haimfai anayehudumiwa, na mwanakijiji ambaye hajasoma hata darasa moja huijua siku ya kwanza, kwa namna tu mgeni anavyokaa kwenye kigoda alichopewa. Baadaye lilikuja Azimio la Musoma la 1974, likaweka sharti kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Sharti hilo nalo likalegea. JKT la lazima likasitishwa 1994, likarejeshwa 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Hivi sasa hakuna amri ya kumpeleka mwenye shahada Bahi au Itiso. Aendaye huenda kwa hiari yake, na hiari ina matata yake ambayo amri haina, kwa sababu mtu aliyeamrishwa hahitaji kuchagua.

Na katika kuchagua, jambo la kwanza linalowapoteza vijana wengi ni kudhani kwamba khidma na shirika ni kitu kimoja. Mazoea ya miaka thelathini hivi yamewafundisha kwamba anayesaidia watu ni yule mwenye kitambulisho shingoni, anayepanda gari jeupe lenye antena, anayejua kuandika andiko la mradi na kuitisha semina, na ambaye posho yake ya siku moja humzidi mwalimu wa kata. Siyadharau mashirika, nitayataja hapa chini mambo mema yaliyofanywa nayo. Ila kijana ajue tangu mapema kwamba fedha za mradi zina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbali. Tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai ya mwaka ule ule shirika la USAID, lililokuwapo tangu 1961, lilikuwa limefungwa. Katika nchi zetu watu waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa UKIMWI na kifua kikuu, baadhi yao wakiwa na miaka mingi kazini, walipokea barua ya kusimama kazi bila hata nafasi ya kukabidhi madaftari. Hawakuwa wamekosea lolote.

Kwa sababu hiyo swali ambalo mhitimu angepaswa kuuliza mlangoni, kabla ya kuuliza habari ya mkataba na bima, ni hili: mradi huu ukifungwa kesho, ni nini kitakachobaki, na kitabaki mikononi mwa nani? Wakuu wengi wa ofisi hawalipendi swali hili. Anayelijibu bila kusitasita, akataja jina la kijiji na la kikundi na la kazi ambayo watu wanaifanya bila yeye, huyo anafaa kufuatwa hata kama ofisi yake ni chumba kimoja.

Sijui mahali panapofundisha jambo hili vizuri zaidi kuliko Kongwa, mwendo wa kilomita zipatazo 90 mashariki ya mji wa Dodoma. Hapo ndipo Serikali ya Uingereza, mwaka 1947, njaa ya mafuta ya kupikia ikiwasumbua watu wake baada ya vita, ilipoanzisha mpango wa karanga uliokusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zake zikiwa za Tanganyika. Waliokuja hawakuwa watu waovu. Wengi wao walikuwa askari waliotoka vitani, waliojiandikisha kwa maelfu kwa shauku ya kujenga baada ya miaka ya kubomoa, na magazeti ya kwao yaliwasifu kama jeshi jipya la amani. Ukitafuta katika historia ya nyanda hizi kundi la vijana wenye nia njema na vifaa vingi, hutapata lililowazidi. Walileta matrekta, baadhi yake yakiwa masalia ya vita, wakayaingiza katika vichaka vya miiba na mibuyu. Wakagundua kwamba udongo ule, mvua ikikatika, hukauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya chuma na kuzizuia karanga zisichimbuke. Wakagundua pia kwamba mvua hukatika. Wagogo, ambao kwa vizazi walikuwa wamejikinga kwa uwele na mtama na kwa kuwatawanya ng'ombe wao kwa jamaa wa mbali ili ukame usiwamalize wote, wangeweza kuwaambia hayo yote kwa asubuhi moja, lakini walitakiwa kwa kazi ya mikono na hawakutakiwa kwa shauri. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa, hasara ikiwa paundi milioni 36.

Mahali hapo hapo, miongo mitatu na zaidi baadaye, ilianza kazi ya namna nyingine kabisa. Ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma, ulikuwa umewaenea watoto wa Kongwa, na kwa watu wazima, hasa akina mama wanaowabeba watoto hao, ulikuwa ukigeuza kope zielekee ndani na kuikwaruza mboni hadi upofu. Katika miaka ya 1980 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na shirika la Helen Keller na wenyeji wa Kongwa waliofundishwa kazi hiyo, walianza kuuliza jambo ambalo lingeonekana dogo mno kwa mtu wa matrekta: kwa nini nyuso za watoto hazioshwi? Jibu la haraka lilikuwa kwamba maji hayapo. Walipokaa na watu wakasikiliza, ilidhihirika kwamba maji machache yaliyopo yalitosha kuosha nyuso nyingi kuliko ilivyodhaniwa, na kizuizi kikubwa kilikuwa pengine: mama hakuwa mwamuzi pekee wa maji ya nyumbani, na hakutaka kuonekana na mume au majirani kuwa anayamwaga yaliyochotwa kwa mwendo mrefu kwa ajili ya kuupamba uso wa mtoto utakaochafuka tena kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo wakaacha kumhubiria mama peke yake, wakakutana na vijiji vizima, waume na wazee na waalimu, kwa mikutano na maigizo, hadi uso safi ukawa neno la watu wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipungukiwa na vikope vikali, na usafi wa uso ukawa moja ya nguzo nne za mpango ambao Shirika la Afya Duniani linautumia dhidi ya ugonjwa huo popote ulipo.

Nimekaa na mfano huu kwa makusudi. Tofauti ya kazi hizi mbili za Kongwa haikuwa katika wema wa nia, wala sidhani ilikuwa katika elimu, maana wahandisi wa karanga walikuwa na elimu. Waliofaulu walianza na swali wakakaa hadi wakajibiwa. Na hao vijana wa Kongwa waliokwenda nyumba kwa nyumba kukagua macho, wakijua jina la kila balozi na kila kisima, walifanya kazi ambayo hakuna mgeni angeweza kuifanya, ilhali katika tangazo la ajira kazi yao ingeandikwa kwa maneno mawili na kupewa ngazi ya chini.

Kadhalika tazama kazi ya miti. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, kwa sababu makorongo ya Kondoa yalikuwa yamekwisha kula mashamba. Na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwa amri katika eneo lililoharibika zaidi. Ardhi ilipata nafuu, hilo halikanushiki, ingawa mwenye ng'ombe aliyehamishwa ana maneno yake. Siku hizi shirika la LEAD Foundation, lililo mwenyeji wa mkoa huu, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, linaeneza njia iitwayo Kisiki Hai, ambayo haihitaji kitalu wala mche: mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu katika kisiki kilichomo shambani mwake tayari, hupogoa mengine, hufunga kitambaa kuwa alama ili mchungaji na mpita njia wajue kwamba mti huu una mwenyewe, kisha huutunza. Mizizi ilikuwapo chini muda wote. Njia hii ilipata nguvu Niger katika miaka ya 1980, alipokuwa huko Tony Rinaudo, Mwaustralia ambaye kabla ya hapo alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa. Mhitimu wa misitu au wa maendeleo ya jamii anayeingia katika kazi ya namna hii atashangaa kwamba sehemu kubwa ya siku yake ni kutembea na kuzungumza, na kwamba mwalimu bora wa mkulima wa Mpwapwa ni mkulima jirani ambaye kivuli chake kimekwisha onekana.

Pana milango mingine ambayo vijana huipita kwa sababu haina bango. Shule ya wasioona ya Buigiri, katika wilaya ya Chamwino, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, kabla ya Uhuru, kabla ya miradi, na bado inafundisha. Hospitali ya Mvumi ina umri mkubwa kuliko huo. Mahali pa namna hii mshahara ni haba na majengo ni ya kale, lakini mtu hujua kwamba kesho patakuwapo. Na usiniambie kwamba utumishi wa Serikali kijijini si khidma kwa kuwa una cheo na pensheni. Muuguzi wa zahanati anayekubali kulala Chibelela, mwalimu wa hisabati anayebaki Kibakwe baada ya wenzake kuomba uhamisho, mtendaji wa kijiji asiyeuza ardhi ya watu: sijaona shirika lililompita mmoja wao kwa manufaa. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoasisiwa mwaka 2006, ilijenga sifa yake kwa kutambua jambo hilo hilo, ikawapeleka waganga na wauguzi kwa mikataba katika wilaya za pembezoni ambako nafasi zilikuwa wazi na waombaji hawakuwapo.

Sasa niseme habari ya kujitolea, ambayo imeingiwa na dhuluma. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 na madarasa yakafurika, shule nyingi zimejazia pengo kwa waalimu wa kujitolea wanaolipwa michango midogo ya wazazi, na baadhi ya ofisi, za mashirika na zisizo za mashirika, zimejifunza kwamba mhitimu asiye na kazi atafanya kazi ya afisa kwa nauli ya daladala, mwaka hadi mwaka, kwa tumaini la ajira ambayo hakuna aliyeiahidi. Kijana asione haya kuuliza. Apewe barua inayotaja kazi yake, mwanzo wake na mwisho wake. Ajue ni nani atakayemfundisha, maana kujitolea pasipo mwalimu ni kibarua kisicholipwa. Chakula na nauli visitoke mfukoni mwa mama yake. Miezi sita inatosha kwa pande mbili kujuana, na mwaka mmoja ni mwingi. Akumbuke pia deni la Bodi ya Mikopo, ambalo litakapoanza kukatwa litachukua asilimia 15 ya mshahara wake, na afanye hesabu hiyo na wazazi wake mapema, kwa uwazi, kwa sababu katika nyumba zetu shahada ya mtoto ni amana ya ukoo, na mjomba aliyeuza ng'ombe kwa ajili yake ana haki ya kuelezwa kwa nini ng'ombe harudi upesi.

Kabla ya kujiunga na shirika lolote, alichunguze. Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika lisilo la kiserikali lisajiliwe, na Maafisa Maendeleo ya Jamii wa mikoa na wilaya ndio wasaidizi wa Msajili katika maeneo yao. Kwa hiyo ofisi ya afisa huyo katika halmashauri ni mahali pa faida kuliko mitandao yote ya matangazo: yeye ndiye ajuaye ni shirika gani linafanya kazi kata gani, lipi limeleta taarifa zake za mwaka na lipi lina jina tu na muhuri. Huko huko mtu atapata barua ya utambulisho ya kumfikisha kwa mtendaji wa kijiji, na bila barua hiyo asiende.

Akienda, ajifunze Kigogo. Kiswahili kitamtosha kwa mkutano wa hadhara, lakini mambo yenye uzito, deni na ugonjwa na ugomvi wa mpaka, husemwa kwa Kigogo jioni. Na anayeweza kusema «Mbukwenyi» kisha akaendelea na sentensi ya pili na ya tatu huonekana mtu mwingine kabisa. Ale ugali wa uwele na mlenda bila kukunja uso. Amsome Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, ambaye kabla ya kuwa mshairi wa taifa zima alikuwa mwalimu na mtumishi wa serikali, na ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Ni aibu kwamba maktaba za ofisi nyingi za maendeleo hapa mjini zina miongozo ya wafadhili kwa rafu nzima na hazina kitabu hicho.

Lililobaki ni wakati. Mitihani ya mwisho humalizika mnamo Julai, na mahafali hufanyika Novemba na Desemba, na kati ya hapo vijana wengi hukaa mjini wakingoja cheti, wakilipa kodi ya chumba bure. Miezi hiyo ndiyo hasa mkulima wa nyanda za kati ana nafasi: mavuno yameingia ghalani, ngoma na harusi zinafanyika, wazee wana muda wa kuketi na mgeni na kumweleza kisima kipi kilikauka lini na mradi gani ulipita ukaacha nini. Anayengoja avae joho kwanza atafika kijijini mvua ya Desemba imekwisha anguka, kila mwenye jembe yuko shambani tangu alfajiri, na njia ya kwenda huko ina tope. Atampata mtendaji peke yake ofisini, naye atamwambia arudi baada ya palizi.